Maisha ya Bibi Grace Hopper, Mlezi wa Lugha za Kompyuta

Ndugu Mhariri aliponiomba niandike habari za maisha ya mtu mashuhuri wa zamani kwa ajili ya toleo hili la mkutano wetu, nadhani alitegemea nitamleta mwanasiasa au jenerali. Badala yake nimemleta mwanamke wa Kimarekani aliyekuwa mwalimu wa hesabu, kisha akawa mwanamaji, na ambaye kazi yake ilinilisha katika miaka yangu ya mwanzo ya utumishi, ingawa wakati huo sikulijua hata jina lake. Wenzangu wa bweni watakumbuka kwamba enzi zetu shule ilikuwa na kompyuta moja tu. Ilikaa ofisini kwa Mkuu wa Shule, imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, nasi tuliitazama kupitia dirishani wakati wa kufagia uwanja. Sikuwahi kuiona imewashwa.

Grace Brewster Murray alizaliwa mjini New York tarehe 9 Desemba, 1906. Alipokuwa na umri wa miaka 7 alifungua saa ya kuamshia ili aone inavyofanya kazi. Aliposhindwa kuirudisha alifungua ya pili, akaendelea hivyo mpaka saa saba za nyumba ile zikawa vipande vipande. Mama yake hakumchapa, bali alimwekea mpaka: tangu siku hiyo angechezea saa moja tu. Alipotaka kuingia chuo cha Vassar akiwa na miaka 16 alianguka mtihani wa Kilatini, ikabidi asubiri mwaka mmoja (wadogo zangu mnaorudia mitihani, mmesikia). Alimaliza Vassar mwaka 1928, akapata shahada ya pili chuo kikuu cha Yale mwaka 1930 na udaktari wa hesabu mwaka 1934. Mwaka 1930 aliolewa na Vincent Hopper, na jina hilo la Hopper alibaki nalo hata baada ya ndoa kuvunjika mwaka 1945.

Vita vilipopamba moto aliacha ualimu akaomba kuingia Jeshi la Wanamaji. Walimkataa. Alikuwa na miaka zaidi ya 35, na uzito wake ulikuwa ratili 105 wakati kanuni ilitaka 120. Aliomba kibali maalum, akakipata, akaapishwa Desemba 1943, na katika shule ya maofisa akawa wa kwanza darasani. Mwezi Julai 1944, akiwa Luteni, alipelekwa chuo kikuu cha Harvard kwenye mtambo ulioitwa Mark I, chini ya Bwana Howard Aiken. Mtambo huo ulikuwa na urefu wa futi 51, ukaenda juu futi 8, na uzito wake ulikuwa tani 5 hivi. Uliweza kujumlisha mara tatu kwa sekunde, na kuzidisha kulichukua sekunde sita. Usiku na mchana walipiga hesabu za vita. Aiken alimwamuru aandike kitabu cha maelezo ya mtambo ule, na kitabu hicho kilitoka mwaka 1946 kikiwa na kurasa zaidi ya 500.

Hapa ndipo watu wengi husimulia hadithi ya mdudu. Ni kweli kwamba tarehe 9 Septemba, 1947 nondo alikutwa amebanwa ndani ya swichi moja ya mtambo wa pili, Mark II, akabandikwa kwa utepe katika daftari la kumbukumbu, na daftari hilo limehifadhiwa makumbusho hadi leo. Lakini si kweli kwamba siku hiyo ndipo kosa la mtambo lilipoanza kuitwa mdudu, kwani mafundi wa Marekani walikuwa wakilitumia neno hilo tangu karne ya 19. Wala si Bibi Hopper aliyemwokota. Yeye aliipenda hadithi hiyo tu, akaisambaza. Mimi naona makosa yaliyomshughulisha zaidi hayakuwa ya wadudu, yalikuwa ya watu.

Inafaa wanafunzi mlioko madarasani mwelewe kwanza kompyuta husikia nini. Mtambo haujui maneno. Unajua namba tu, na kila agizo, liwe la kujumlisha, kuhamisha au kulinganisha, lina namba yake, tena kila kitu kilichowekwa katika kumbukumbu kina anwani yake ya namba. Mwandishi wa programu wa siku zile alipanga namba hizo moja moja kwa mkono. Kila mmoja alikuwa na daftari. Mtu akiisha kuandika vizuri maagizo ya kutafuta kipeo cha pili cha namba, kwa mfano, wenzake walimwazima daftari wakanakili. Ndipo matatizo yalipoanza. Maagizo yakihamishiwa mahali pengine katika kumbukumbu, kila anwani ilibidi iongezewe kiasi fulani, na Bibi Hopper aligundua kwamba wanahesabu hawa wenye shahada kubwa kubwa hawakuweza kujumlisha bila kukosea. Wala hawakuweza kunakili. Herufi B iligeuka kuwa 13, na alama ya pembetatu iliyosimama badala ya nafasi tupu iligeuka kuwa 4. Mtu angeweza kupoteza siku nyingi akitafuta kosa, kumbe ni mwandiko.

Mwaka 1949 kazi ya Harvard ilikwisha, kwani chuo hicho hakikuwa na nafasi ya kudumu kwa mwanamke wa cheo chake. Miaka hiyo ilikuwa migumu kwake. Alikuwa peke yake, na pombe ilimzidi nguvu mpaka marafiki wakaingilia kati. Sitaki kuificha habari hii, maana katika magazeti ya shule tumezoea kuwaonyesha wakubwa kana kwamba walizaliwa wamenyooka. Alihamia Philadelphia katika kampuni ndogo ya mabwana Eckert na Mauchly, waliokuwa wakitengeneza kompyuta ya biashara iitwayo UNIVAC. Mwaka uliofuata kampuni hiyo ilinunuliwa na Remington Rand.

UNIVAC ilikuwa na kumbukumbu ya maneno 1,000 tu, kila neno herufi 12, na akiba yake ilikuwa katika kanda za sumaku. Bibi Hopper alijiuliza: ikiwa mtambo hauchoki kujumlisha wala haukosei kunakili, kwa nini usinakili wenyewe? Kuanzia Oktoba 1951 hadi Mei 1952 aliandika programu ambayo kazi yake ilikuwa kutengeneza programu nyingine. Yale maagizo mazuri ya kwenye madaftari yaliwekwa katika kanda, kila fungu likapewa jina fupi. Mtumiaji aliorodhesha majina ya mafungu aliyoyataka na namba za kuyalisha, kisha mtambo uliyatafuta, ukarekebisha anwani zote na kuyaunga pamoja. Chombo hicho alikiita kompaila, na toleo lake la kwanza liliitwa A-0. Wataalamu wa leo husema kwamba A-0 haikuwa kompaila kamili kwa maana ya sasa, ilikuwa zaidi ya kiunganishi cha vipande. Mimi sioni aibu katika hilo. Mtoto hutambaa kwanza.

Kulikuwa na kikwazo kimoja ambacho napenda kukieleza, kwa sababu kilitatuliwa kwa akili ya uwanjani. Kanda husomwa kutoka mwanzo kwenda mwisho, naye alitaka kompaila ipite mara moja tu. Agizo likisema rudi nyuma hatua kadhaa, hakuna shida, maana kule nyuma tumeshapita na anwani yake inajulikana. Lakini agizo likisema ruka mbele, utaruka wapi ikiwa kule mbele hakujaandikwa bado? Bibi Hopper alikuwa amecheza mpira wa kikapu katika ujana wake, kwa sheria za wasichana za wakati ule, ambazo hazikuruhusu kukimbia na mpira: unampa mwenzako pasi, unakimbia kwenda mbele ya goli, kisha anakurudishia. Basi akatenga sehemu ndogo mwishoni mwa kumbukumbu, kona isiyo ya mtu. Agizo la kuruka mbele lilitupwa kwanza kwenye kona ile, likaacha ujumbe kwamba linangoja fungu fulani. Fungu hilo lilipofika na kupata anwani yake, kompaila iliutazama ujumbe ule na kukamilisha pasi. Nimekaa benchi katika timu ya bweni miaka minne, lakini sikuwahi kufikiri kwamba pasi ya kona inaweza kumsaidia mtu ofisini.

Wakubwa wake hawakumwamini. Waliona kompyuta ni ya kupiga hesabu, wala haiwezi kuandika programu. Yeye hakungoja waamini. Ilifuata A-1, kisha mwaka 1953 ikatoka A-2, ambayo ilikuwa na maendeleo makubwa: mtumiaji aliandika kwa alama fupi fupi zilizofanana na lugha, nayo kompaila ikazigeuza kuwa maagizo kamili. Jambo la ajabu zaidi ni jinsi alivyoitoa. Wateja wa UNIVAC walipelekewa A-2 pamoja na maandishi yake yote ya ndani, wakaombwa wairekebishe walipoona kasoro na warudishe masahihisho yao ili yaingizwe katika toleo lijalo. Sisi tuliokulia katika ofisi ambamo jalada hufungwa ili mwingine asilione tunajua ugumu wa kufanya hivyo. Bibi Hopper alitoa kazi ambayo haijakamilika, ikiwa na jina lake juu yake, akaomba akosolewe. Naamini hii ndiyo sababu matoleo yake yalifuatana upesi upesi namna ile.

Hata hivyo A-2 ilikuwa bado ya wanahesabu. Makarani wa bima, maghala na mishahara hawakutaka alama, walitaka maneno. Mwaka 1955 aliupelekea uongozi wa kampuni pendekezo la kompaila mpya, B-0, ambayo ingepokea maagizo kwa Kiingereza cha kawaida: soma faili hili, linganisha namba hizi, hamisha, andika. Ili kuonyesha kwamba maneno ni alama tu mbele ya mtambo, alitayarisha mfano mdogo, kisha akaubadili maneno yake ukawa wa Kifaransa, kisha wa Kijerumani. Mtambo ulitoa majibu yaleyale. Uongozi ulishtuka sana. Waliona si jambo la heshima kwamba kompyuta ya Kimarekani, iliyotengenezwa Philadelphia, isikie Kifaransa na Kijerumani. Ilimbidi yeye na wenzake waahidi kwamba watatumia Kiingereza peke yake, ndipo mradi ukaendelea. B-0 ikauzwa kwa jina la FLOW-MATIC.

Niliposoma habari hiyo kwa mara ya kwanza nilikifunga kitabu nikatoka barazani. Sisi tulifundishwa, na wengine tungali tunafundisha watoto wetu, kwamba kompyuta ni kitu cha Kiingereza, kana kwamba Kiingereza kimefungwa ndani yake pamoja na nyaya. Kumbe mwaka 1955, wakati baba zetu walikuwa wakiandikwa shule za msingi, mwanamke huyu alikuwa ameonyesha kwamba orodha ya maneno inaweza kung'olewa na nyingine ikawekwa, na mtambo usijue tofauti. Toa, jumlisha na linganisha yangefaa sawasawa. Kilichoamua hakikuwa waya, kilikuwa woga wa watu katika mkutano mmoja.

Sasa nije kwenye COBOL, na hapa lazima niseme ukweli ambao pengine utawaudhi wanaompenda. Wengi humwita mama wa COBOL, lakini hakuwa katika kamati iliyoiandika. Mwezi Mei 1959 Wizara ya Ulinzi ya Marekani iliitisha mkutano ili ipatikane lugha moja ya kazi za ofisi ambayo ingekubaliwa na kompyuta za makampuni yote. Bibi Hopper alikuwa miongoni mwa waliouchochea mpango huo, na alikuwa mshauri. Kazi ya kupanga lugha yenyewe ilifanywa na watu sita, wawili kati yao wakiwa wanawake, Jean Sammet na Gertrude Tierney. Lakini hao sita walipokaa mezani, kitabu kilichokuwa mbele yao kilikuwa cha FLOW-MATIC, kwa sababu kati ya lugha za namna hiyo ndiyo iliyokuwa imekwisha kutumika kazini. Kutoka humo walichukua maneno ya Kiingereza, na walichukua pia desturi ya kutenga maelezo ya taarifa na maagizo ya kazi. Jina la kitu katika FLOW-MATIC halikuzidi herufi 12, kulingana na neno la UNIVAC. Kamati iliongeza hadi 30, na ndiyo maana mtu aliweza kuandika salio la mkopo kwa ukamilifu badala ya vifupisho visivyosomeka.

Wengi walidhani lugha hiyo ingekufa changa. Bwana Howard Bromberg, mmoja wa wale sita, alichoshwa na ucheleweshaji hata akanunua jiwe la kaburi lenye sanamu ya mwanakondoo, akachonga juu yake jina COBOL, na kulituma kwa mkubwa wa mpango, Bwana Charles Phillips. Hata hivyo kitabu cha COBOL-60 kilitoka mwaka 1960, na mwezi Desemba mwaka huohuo programu moja iliendeshwa kwenye kompyuta mbili za makampuni mawili yanayoshindana, RCA na Remington Rand. Jambo hilo halikuwa limewahi kuonekana.

Furaha haikudumu. COBOL-60 ilikuwa na sehemu zenye utata, na COBOL-61 ilipokuja kuzisahihisha ilipanga upya sehemu ya maagizo, hivyo programu za mwaka uliotangulia hazikukubalika zote bila kuguswa. Fikiria umemaliza kazi ya miezi kadhaa, kisha kitabu kipya kinakuambia urudie. Nyongeza za mwaka 1963 zilileta uwezo wa kupanga rekodi kwa utaratibu na kuandika taarifa za kurasa. Toleo la 1965 lilileta njia za kushughulikia faili zilizo katika diski, maana mwanzoni lugha ilijua kanda. Kila nyongeza ilikuwa nzuri, ila kila kampuni iliichukua ilivyopenda, na COBOL ya huyu haikuwa COBOL ya yule.

Hilo ndilo lililomrudisha Bibi Hopper jeshini. Alikuwa amestaafishwa mwishoni mwa 1966 kwa sababu ya umri. Agosti 1967 aliitwa tena kwa miezi sita ili atengeneze mambo ya COBOL katika Jeshi la Wanamaji. Miezi hiyo sita ikawa miaka 19. Kikosi chake kiliandika programu za majaribio za kuipima kila kompaila iliyodai kuwa ni ya COBOL: ikishindwa jaribio, muuzaji airudishe kiwandani. Mwaka 1968 lugha hiyo ilipata kanuni za taifa, zikarekebishwa 1974 na tena 1985.

Marekebisho ya 1985 nayafahamu kwa njia yangu. Katika COBOL ya zamani sharti lililoanza na neno la ikiwa lilimalizwa na nukta. Ukiiweka nukta mapema, maagizo yanayofuata hayamo tena ndani ya sharti, yatatekelezwa kwa kila mtu. Mwaka 2004, nikiwa karani mpya katika ofisi moja ambayo sitaitaja, nilipangwa kukagua makaratasi ya programu ya zamani ya mishahara kabla haijaachwa. Dereva mmoja mzee alikuwa amelalamika kwa barua tatu kwamba amemaliza mkopo wake wa baiskeli, na bado anakatwa mwezi wa saba sasa. Kila barua ilijibiwa kwamba kompyuta haikosei. Mimi si mwandishi wa programu, nimesomea uchumi. Lakini makaratasi yale yalikuwa na maneno, si namba, na kwa Kiingereza changu cha Kidato cha Nne niliweza kuyafuata kwa kidole: ikiwa salio la mkopo ni zaidi ya sifuri, hesabu salio jipya, nukta. Mstari wa pili: toa makato katika mshahara. Nukta ile ilikuwa imekaa mstari mmoja juu ya mahali pake. Watu kumi na moja walirudishiwa fedha. Dereva yule aliniletea mkungu wa ndizi, akaniita daktari. Nilikubali ndizi.

Kanuni za 1985 ziliweka neno la kufunga sharti, ili nukta isibebe mzigo wote huo. Makampuni mengi yalipinga, yakiogopa programu zao za zamani, na mabishano yalichukua miaka. Nawaelewa, lakini nafikiri walikosea.

Bibi Hopper alipandishwa kuwa Kapteni mwaka 1973, Komodoo mwaka 1983 na Rea Admirali mwaka 1985. Alizunguka nchi nzima akitoa mihadhara, akigawa vipande vya waya vyenye urefu wa sentimita 30 hivi kuonyesha umbali ambao umeme hauwezi kuuzidi katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Ofisini kwake alikuwa na saa ya ukutani iliyozunguka kinyume, nayo ilitaja saa sawasawa kwa mtu aliyekubali kuisoma. Alistaafu tarehe 14 Agosti, 1986 akiwa na miaka 79, katika sherehe iliyofanyika juu ya meli kongwe ya USS Constitution mjini Boston, na hata hapo alikwenda kufanya kazi ya ushauri katika kampuni ya Digital.

Alifariki tarehe 1 Januari, 1992, akazikwa katika makaburi ya taifa ya Arlington kwa heshima kamili za kijeshi. Manowari yenye jina lake ilianza kazi mwaka 1997, na mwaka 2016 Rais Obama alimtunukia nishani ya juu ya raia. Toleo jipya la kanuni za COBOL limetolewa mwaka 2023. Lile jiwe la kaburi la Bwana Bromberg lipo katika makumbusho ya kompyuta huko Mountain View, California, na mwanakondoo wake bado yuko juu yake.